Kwa nini panya wanarudi kila tukiwaua? Na mwenye mjamzito na mtoto wa pumu ndani afanyeje?

#1 Baba Nuru
Habari zenu wakuu. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba tusaidiane kwa uzoefu na kwa elimu.

Ndani kwangu kuna panya wadogo, wale wa kijivu wenye masikio makubwa. Nimetega, nimeweka sumu, wanakufa, kunatulia. Wiki chache mbele nakuta tena vinyesi kwenye droo ya vijiko. Ingekuwa ni nguo kutafunwa tu nisingekuja huku. Mke wangu ni mjamzito, na mtoto wetu wa kwanza ana pumu. Akilala kile chumba ambacho panya wanakimbizana darini, kifua kinambana zaidi.

Kwa nini wanarudi? Na madhara yao ni yapi hasa, yale ya kweli na siyo ya kutishana? Kwa sasa naamini sumu za siku hizi zimechakachuliwa. Mwenye mawazo tofauti aje.

#2 Mpole Tu
Fuga paka, mkuu. Uzi ufungwe.

#3 Fundi Kombo
Uzi usifungwe. Baba Nuru, sumu haina kosa, wewe una matundu. Panya mdogo wa nyumbani anapita kwenye upenyo wa milimita 6. Penseli ikipenya, naye anapenya. Fuvu likishapita, mwili wote unafuata.

Nimefungua makabati mengi ya jikoni kwa kazi yangu, na mara nyingi tundu liko palepale bomba la sinki linapoingia ukutani. Fundi wa maji anatoboa tundu la ngumi kwa bomba la vidole viwili, kisha anafunika na kile kisahani cha plastiki. Sogeza hicho kisahani utazame kingo za tundu. Ukikuta pamepakwa weusi wenye mafuta, hayo ni manyoya yao yanasugua hapo kila usiku. Ufute. Ukirudi, ujue njia bado inatumika.

#4 Mama Wawili
Fundi Kombo nakuheshimu, ila mimi niliziba kila kitu na bado walikuja. Walipita darini wakitokea kwa jirani, maana nyumba zetu zimeshikana na dari ni moja. Yeye akiweka sumu wanahamia kwangu, nikiweka mimi wanahamia kwake. Tulipokubaliana kutega kwa pamoja ndipo pakatulia. Baba Nuru, umeongea na majirani?

#5 Kitukuu
Mnazunguka mbuyu. Ni chakula. Panya huyu anakula kama gramu 3 tu kwa siku, kwa hiyo makombo yaliyojificha nyuma ya jiko yanatosha kumlisha yeye na wenzake. Maji hayamsumbui kabisa, anaweza kuishi kwa unyevu uliomo kwenye chakula. Hamisha nafaka zote kwenye vyombo vya bati au kioo vyenye mfuniko, sogeza jiko, fagia, uone kama watakaa.

#6 Fundi Kombo
Kitukuu, makombo hayatoboi ukuta.

#7 Kitukuu
Na ukuta hauwaiti panya, fundi wangu. Wanaitwa na harufu ya chakula.

#8 Nesi wa Zamu
Baba Nuru, hongera kwa kuuliza mapema. Nianze na mama, maana ndiye mwenye haraka kuliko wote.

Panya wadogo wa nyumbani wanaweza kubeba virusi vinavyoitwa LCMV. Kwa Marekani, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, inakadiria kwamba asilimia 5 hivi ya panya hao wanavyo. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa mara nyingi hapati dalili, au anaugua kama mafua makali na kupona. Kwa mjamzito habari ni nyingine. Virusi vikivuka kwenda kwa mtoto aliye tumboni, mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na kichwa maji au macho yaliyoharibika. Njia ni mkojo, kinyesi, mate na viota vyao. Kwa hiyo mkeo asifagie vinyesi, asiguse mtego, asitoe mzoga. Na kwenye kliniki aseme wazi kwamba nyumbani kuna panya. Wengi wanaona aibu kulisema hilo, na mhudumu hawezi kulikisia.

Mtoto wa pumu: kwenye mkojo wa panya kuna protini inayoamsha mzio. Mkojo ukikauka, protini inapanda na vumbi na kuingia kifuani. Hahitaji kumwona panya wala kumgusa. Dari yenye mikojo ya siku nyingi juu ya kitanda chake inatosha.

Kwa familia nzima kuna salmonela, bakteria wa kuharisha, kwenye chakula na vyombo walivyopita juu yake. Kuna pia leptospirosisi, ambayo wengi waliisikia kama homa ya mgunda Julai 2022 ilipotokea Lindi. Hiyo hutoka kwenye mkojo wa wanyama wengi, panya wakiwemo na hasa wale wakubwa, na huingia kwa mchubuko au machoni kupitia maji na tope. Homa, kichwa, macho mekundu, na mashavu ya miguu kuuma hadi kutembea tabu. Ukiwa na dalili hizo na umeshika maji machafu, mwambie daktari, kwa sababu antibayotiki hufanya kazi vizuri zikianza mapema.

Kufagia kavu MARUFUKU. Fungua madirisha nusu saa, vaa glovu, lowesha vinyesi kwa klorini ya kusafishia, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, subiri dakika 5, futa kwa karatasi, funga kwenye mifuko miwili. Klorini usiichanganye na siki wala amonia, gesi yake inaumiza mapafu. Mtoto wa pumu asiwe ndani wakati huo.

#9 Chui wa Usiku
Nesi umesahau kichaa cha mbwa! Panya akikung'ata kimbilia chanjo. Na hantavirusi ipo kwa panya wote duniani, inaua. Dawa ni kile kifaa cha kuchomeka ukutani kinachotoa mawimbi ya sauti. Kwangu panya walikimbia usiku uleule.

#10 Nesi wa Zamu
Chui, taratibu kaka. Wanyama wadogo wa jamii ya panya ni nadra mno kukutwa na kichaa cha mbwa. Aking'ata mtu, osha kwa maji mengi na sabuni kisha nenda kituo cha afya. Huko wataangalia pepopunda na homa itokanayo na jino la panya, ambayo huja na homa, vipele na maungio kuuma siku kadhaa baadaye.

Hanta nayo siyo ya panya wote. Ile ya mapafu iliyogunduliwa Marekani 1993 ilitoka kwa panya wa porini wa huko, siyo huyu wa kijivu wa kabatini. Homa ya Lassa, iliyotambuliwa Nigeria 1969, ni ya panya mwingine tena, na ugonjwa wenyewe uko Afrika Magharibi. Tukichanganya panya wote, tutawatisha watu kwa ugonjwa usiokuwepo na kuwasahaulisha uliopo.

#11 Shaha
Na kile kifaa, Chui, jihadhari nacho. Mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwaandikia barua za onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Panya anaweza kushtuka mwanzoni, lakini anaizoea sauti. Isitoshe mawimbi hayo hayapenyi ukuta, na nyuma ya kabati ni kimya kabisa.

#12 Chui wa Usiku
Mimi naongea nilichokiona, ninyi mnaongea barua.

#13 Shaha
Ngoja mwezi uishe, uje utuambie tena.

#14 Mtunza Ghala
Nimekaa na nafaka sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, niruhusuni kwenye hili la sumu, maana naona Fundi Kombo ameisafisha upesi mno.

Sumu nyingi za dukani zinazuia damu kuganda. Ya kwanza kutumika sana ilikuwa warfarini, mwishoni mwa miaka ya 1940. Kufikia 1958 huko Scotland walishakuta panya wakubwa wasioisikia, na baadaye wadogo nao. Ndiyo zikatengenezwa kali zaidi, bromadioloni na brodifakumu. Kwa hiyo Baba Nuru huna haja ya kudhani mtu amechakachua. Sumu inaweza kuwa halisi na panya wako wakawa wa ukoo sugu.

Lakini kuna kingine nakiona mara nyingi kuliko usugu, nacho ni namna tunavyoiweka. Panya mkubwa ni mwoga wa kitu kipya, anaweza kukikwepa kwa siku kadhaa. Huyu mdogo ni mdadisi na mdokozi: usiku mmoja anadokoa sehemu ishirini na zaidi, kidogo kidogo. Ukirundika sumu yote pembe moja, anaonja punje mbili, anakwenda zake, hafi. Inatakiwa midogo midogo, sehemu nyingi, kwenye visanduku ambavyo mtoto hawezi kufungua.

Halafu kuna uzazi. Jike anabeba mimba siku 19 hadi 21, anazaa watano hadi wanane, na ndani ya saa 24 baada ya kuzaa anaweza kupandwa tena. Wanawe wakifika wiki sita hivi nao wanazaa. Ukiua wanane ukabakiza jike mmoja mwenye mimba darini, hujaua kitu. Panya wako hawarudi, Baba Nuru. Hawajawahi kuondoka.

#15 Mama Wawili
Hapo kwenye "hawajawahi kuondoka" umenikamata.

#16 Nesi wa Zamu
Nimshukuru Mtunza Ghala, na niongeze kwa uchungu kabisa: zile sumu za kupimwa kwenye vikaratasi bila lebo, acheni. Nyingine ni viuatilifu vya shambani, vinaua mtoto kwa muda mfupi kuliko safari ya hospitali. Fosfidi ya zinki ikifika tumboni inatoa gesi ya fosfini na haina kiuasumu. Zile za kuzuia damu kuganda angalau zina vitamini K1, mradi daktari ajue mtoto amekula nini. Kwa hiyo pakiti yenye jina msiitupe.

#17 Mpole Tu
Mmeandika sana. Paka hana lebo wala hana usugu.

#18 Shaha
Mpole, watafiti waliweka kamera kwenye eneo la kuchakata taka New York wakawaangalia paka na panya. Matokeo yalitoka 2018: ndani ya siku 79 paka waliua panya wawili tu.

#19 Mpole Tu
Shaha ndugu yangu, paka wangu hajawahi kufika New York. Halafu hao walikuwa panya wakubwa, wa kupigana na paka. Hapa tunaongelea wadogo. Usilete kesi ya simba kwenye shauri la swala.

#20 Shaha
Hilo la ukubwa nalikubali. Ila paka hafiki darini wala ndani ya ukuta, na ndiko wanakozalia.

#21 Nesi wa Zamu
Na Baba Nuru usikimbilie paka sasa hivi. Paka anayekula panya anaweza kuokota toksoplasma, na vijidudu hivyo vikitoka kwenye kinyesi chake ni hatari kwa mimba. Kama paka ameshakuwepo, kisanduku chake kisafishwe kila siku na mtu mwingine, siyo mama. Mtoto wa pumu naye anaweza kuwa na mzio wa paka.

#22 Bi Zuhura
Wanangu hamjambo. Mmesema mengi ila hamjagusa la kung'ata na kupuliza. Tumekua tukijua kwamba panya anakutafuna kisigino huku anapuliza usisikie. Ni kweli ana dawa mdomoni?

#23 Kitukuu
Shikamoo Bi Zuhura. Nadhani ni kisigino chenyewe, ngozi yake ni nene na ngumu. Akitafuna ngozi ya juu iliyokufa husikii chochote hadi afike kwenye nyama.

#24 Chui wa Usiku
Shikamoo mama. Mimi nasema ni mate yake yanatia ganzi.

#25 Nesi wa Zamu
Shikamoo mama. Mate yenye ganzi sijayakuta popote nilikosoma, maelezo ya Kitukuu yananiingia zaidi. Ila mwenye kisukari anaweza kuwa amepoteza hisia za miguu kabisa, akaamka na kidonda asijue kimetoka wapi. Huyo alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, miguu iangaliwe kila asubuhi, na kidonda hata kidogo kionwe na daktari.

#26 Bi Zuhura
Marahaba wote. Basi nitamwangalia baba yenu miguu, maana sukari anayo.

#27 Baba Nuru
Shikamoo Bi Zuhura. Wakuu nashukuru sana, mke wangu amesoma uzi wote na ameshaandika la kumwambia nesi wa kliniki.

Nimesogeza kile kisahani chini ya sinki. Fundi Kombo, weusi upo, na tundu linaingiza vidole vitatu. Lakini darini nako nimemulika tochi nikakuta vinyesi vipya kwa vya zamani upande wa ukuta wa jirani, na kile chumba cha mtoto kiko chini yake hasa. Kwa hiyo sijui nimpe nani haki kati yako na Mama Wawili. Kingine, vile vya dirishani vina ncha nyeupe. Ni panya mwingine?

#28 Mama Wawili
Ncha nyeupe ni mjusi huyo, mwache ale mbu. Ule weupe ni mkojo wake, yeye hukojoa mkavu. Cha panya mdogo ni cheusi chote, milimita 3 hadi 6, kimechongoka pande zote kama punje ya mchele.

#29 Mtunza Ghala
Na cha mende ni kifupi zaidi, butu, kina mifereji ukikitazama karibu. Cha panya kipya kinang'aa na ni laini, cha zamani ni kikavu na kinavunjika vumbi. Lowesha usafishe vyote kama Nesi alivyosema, uone vipya vinaangukia wapi, hapo ndipo pa kutega.

#30 Chui wa Usiku
Weka gundi darini, umemaliza.

#31 Mama Wawili
Gundi hapana, Chui. Anaganda mzima, anahangaika saa nyingi huku anakojoa na kunya kwa hofu, na ni ule ule mkojo Nesi anaoukataza. Halafu nani atapanda kumtoa? Kiumbe hata kama ni adui, hauawi hivyo. England walipiga marufuku raia wa kawaida kuitumia kuanzia 2024.

#32 Mtunza Ghala
Mitego ya springi ni bora, inaua papo hapo na mzoga unauona. Aliyekula sumu anafia ndani ya ukuta siku kadhaa baadaye, na bundi akimla naye anapata dozi. Itege mingi kwa mpigo, kila mita mbili au tatu, maana panya huyu haendi mbali na kiota chake. Ielekeze ukutani, upande wa chambo uguse ukuta, kwa kuwa anatembea akiuambaa ukuta. Chambo kidogo tu, cha kunata. Au uzi wa pamba, jike anayejenga kiota huufuata.

Ila jambo moja la mizoga. Panya akifa, viroboto na utitiri waliokuwa mwilini mwake wanatafuta mwenyeji mwingine. Tauni ilijengeka hivyo hivyo. Mtafiti Yersin aliona bakteria wake Hong Kong 1894, na miaka minne baadaye mtafiti mwenzake Simond akaonyesha kwamba kiroboto ndiye mbebaji. Sisemi kwamba una tauni darini. Nasema mzoga usishikwe kwa mkono mtupu wala kuachwa uoze.

#33 Kitukuu
Na mtoto wa pumu? Wakiisha wote, kifua kitapona?

#34 Shaha
Kuna jaribio la Marekani lililochapishwa 2017 kwa watoto wenye mzio wa panya. Kundi moja lilipelekewa wataalamu wa kuua panya na kuziba matundu pamoja na elimu, lingine lilipewa elimu tu. Siku za dalili hazikutofautiana kwa maana. Lakini watoto ambao ile protini ilishuka sana kwenye vumbi la nyumba zao walipata nafuu, kundi lolote walilokuwepo.

#35 Kitukuu
Kwa hiyo usafi! Nilisema.

#36 Fundi Kombo
Watashushaje protini na tundu la vidole vitatu liko wazi? Nilisema mimi.

#37 Nesi wa Zamu
Mmesema wote. Baba Nuru, mhamishie chumba kingine leo, hayo mengine mtabishana baadaye. Na dawa zake za pumu asiache kwa sababu panya wamepungua.

#38 Baba Nuru
Ameshahamia chumbani kwetu. Jirani naye amekubali tutege pamoja Jumamosi, ingawa anashikilia kwamba panya wanatoka kwangu. Fundi Kombo, tundu la sinki nizibe na nini? Nina povu la kupuliza hapa.

#39 Fundi Kombo
Povu peke yake watalitafuna. Sindilia kwanza stilwaya, ile ya kusugulia masufuria, ijae kweli hadi kidole kisipite, kisha saruji juu. Darini weka wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6, upigiliwe kwenye mbao kila kona. Ila usizibe kabla ya Jumamosi. Ukiwafungia ndani watafia ukutani. Tega kwanza, mitego ikikaa siku kadhaa mitupu, ndipo uzibe.

#40 Mama Wawili
Mimi ningeziba upande wa jirani kwanza.

#41 Fundi Kombo
Ukiziba kwanza utaniita kuja kubomoa ukuta kutafuta harufu.

#42 Baba Nuru
Na ule wavu nikate na nini? Mkasi wa kawaida umeshindwa.

#43 Fundi Kombo
Mkasi wa bati. Na vaa glovu ngumu, kingo zake zinakata kuliko wembe.